Shubiri Mbili za Tepu

Jumanne, 8 Oktoba

Shemeji Kunihiro kaleta kinasa sauti cha marehemu mama mkwe kutoka Gifu. Zigo hasa! Ndani mna tepu moja. Ni barua ya sauti, mama alimrekodia mke wangu Fusae mwaka alipokuja kuolewa nami hapa Numazu, kisha akaona haya kuituma. Fusae hajawahi kuisikia. Jumapili ni kumbukumbu ya mwaka wa saba ya mama, na anataka isikike mbele ya ndugu na mtawa wa Kibuddha.

Tukachomeka. Salaale! Mama mkwe ananguruma kama mcheza sumo aliyevimbiwa. Fusae akaziba masikio, akasema zima, huyo si mama. Nikamtuliza: gereji ipo, mume yupo. Akasema tumwite mzee Uragami, jirani, aliyekuwa fundi umeme. Uragami! Miaka thelathini gari letu linanyeshewa nje ili zana zangu zilale pakavu, halafu leo nimpigie magoti Uragami?

Jumatano, 9 Oktoba

Uragami kachungulia gerejini. Nani kamwita? Akauliza mashine imetoka upande gani wa Mto Fuji. Nikamjibu hiki ni kinasa sauti, si samaki. Akacheka, akasema haya jirani, mwenye macho haambiwi tazama. Fitina tupu.

Ugonjwa nimeugundua peke yangu. Kigurudumu cha mota kimelika, kinazungusha tepu polepole. Nyuma kuna kijiswichi chenye 50 na 60. Kimekaa kwenye 60. Nimekiziba kwa gundi, Fusae asije akakichezea.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekereza kigurudumu kipya, kinene, kutoka kitasa cha shaba cha kabati la Fusae. (Hajagundua.) Nikawasha. Sasa mama mkwe analia kama kifaranga. Nikapiga tupa kidogo, nikawasha. Bado kifaranga. Tupa, washa, tupa, washa, mara ishirini.

Mara ya ishirini na moja mashine ikaimeza tepu. Krrrk! Nikavuta kwa koleo. Ikatoka imekunjamana, imechanika vipande. Nikakata palipoharibika, shubiri mbili tu, nikaunga kwa selotepu. Shubiri mbili ni nini katika tepu nzima?

Jumapili, 13 Oktoba

Afadhali ningekuwa mgonjwa leo.

Mtawa kamaliza kusoma, watu wote wamekaa. Nikawasha. Kifaranga! Chizuru, binti yetu, akacheka mpaka akatoka nje. Fusae hakucheka. Akavaa viatu, akaenda mwenyewe kumwita Uragami.

Kaja na bisibisi moja. Akabandua gundi, akarudisha kigurudumu cha zamani, akasukuma swichi kwenye 50. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Akaeleza kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma: umeme wa magharibi ya Mto Fuji hupiga mara sitini kwa sekunde, wa huku kwetu hamsini. Mashine ya Gifu ikija Numazu lazima ijivute. Kila mtoto wa shule anajua hilo. Hata mimi najua!

Ndipo mama akasema. Sauti yake kabisa, kana kwamba yuko jikoni. "Fusae, mwanangu, hapa nyumba imepoa sana." Fusae akaziba mdomo kwa mkono. "Na kama maisha huko Numazu yakikushinda, basi we..."

Tak.

"...na mvua ikianza uanue nguo mapema."

Fusae akaomba turudishe. Tukarudisha mara tatu. Kisha akanigeukia, akauliza, Baba Chizuru, hapo mama alisemaje? Maneno yale yamepita masikioni mwangu mara ishirini. Nilikuwa nasikiliza mota! Na vipande nilivitia kwenye takataka za kuchomwa, gari la taka likapita jana asubuhi.

Nimejifungia gerejini nikalia. Naandika ukweli.

Jumanne, 15 Oktoba

Fusae hanigombezi. Heri angenitupia sufuria. Ananiwekea wali na supu ya miso, halafu anakwenda kusikiliza mwisho wa tepu, pale mama anapokohoa kabla ya kuzima. Leo asubuhi nimemsikia anajiuliza: alisema nirudi, au alisema nivumilie? Miaka hamsini hii nimekaa kwa ruhusa ya nani? Moyo umenipasuka. Mimi ndiye niliyemnyima jibu, na ni lazima nimrudishie.

Mchana kaenda kwa daktari wa meno. Nikapata wazo! Ukirekodi swichi ikiwa kwenye 60, kisha ukasikiliza kwenye 50, sauti hupanda. Nimejaribu. Mama mkwe hasa, na lafudhi ya Gifu juu! Nimesema: "Basi we vumilia mwanangu, mumeo ni fundi." Kilichobaki ni kukata na kuunga. Uragami sikumuuliza, wa nini?

Tepu tupu haikuwemo nyumbani, kwa hiyo nimerekodi juu ya ule mwisho. Hapakuwa na maneno pale, ni kikohozi tu. Nacho nitakikohoa mwenyewe.