Balozi wa Nyasi Manyoya

Jumatatu, 3 Juni

Nimedharauliwa ndani ya nyumba yangu! Binti yangu anaolewa Jumamosi, na mimi, mpambaji wa kumbi, sikupewa kazi ya kupamba. Mke wangu amempa mshindani wangu, yule ninayemwita Bibi Utepe kwa sababu hajui kingine. Nikauliza kwa nini. Akanikumbusha harusi ya mpwa wake na ile mishumaa. Pazia moja tu liliungua! Binti akasema kwa upole, baba, safari hii pumzika. Imeniuma sana. Nikae kwenye harusi ya mwanangu kama mtu aliyefuata chakula?

Jumanne, 4 Juni

Wazo! Uwanda mkavu nje ya mji una nyasi manyoya. Mashuke meupe, marefu, laini kama pamba. Bibi Utepe hapati kitu kama hicho hata ndotoni. Tatizo: zimebaki hapo tu, na hairuhusiwi kuchuma hata ubua mmoja. Tatizo jingine: mlinzi wa uwanda ni shemeji, kaka wa mke wangu, mtu asiyejua mzaha. Nimemwambia hali ya nyasi inaninyima usingizi, nataka kujitolea. Akanikumbatia. Maskini.

Jumatano, 5 Juni

Mafunzo ya wanaojitolea, ndani ya ukumbi uliojaa maua ya plastiki. Asubuhi yote walibishania rangi ya fulana. Kisha shemeji akaanza kueleza maisha ya mbegu. Nikasinzia. Nilizinduka wakiomba mtu wa kutoa neno. Nikasimama! Nikasema nyasi hizi ni wazee wetu, ni watoto wetu, ni pumzi yetu. Mama mmoja akalia. Nimechaguliwa Balozi wa Nyasi. Nimepewa fulana na ufunguo wa geti. Ufunguo!

Ijumaa, 7 Juni

Nimevuna. Nilivaa fulana ya ubalozi, wapita njia wakanipungia mkono. Shemeji alinikuta getini na magunia, akauliza nimebeba nini. Nikajibu, takataka nilizookota. Akanisaidia kubeba! Machozi yalimlengalenga kwa fahari. Nilijisikia vibaya mpaka kwenye kona, kisha nikapata nafuu.

Jumamosi, 8 Juni

Alfajiri niliwahi ukumbini kabla ya Bibi Utepe. Viti vya maharusi na vya wakwe nimevivika manyoya, mgongoni na pa kukalia. Alipoingia aliangusha kikapu chake cha tepe. Binti akashika mdomo, akasema, baba, kumbe unaweza! Nilikuwa juu mawinguni.

Mchana, joto. Mama wa bwana harusi, ndani ya hariri, akaanza kujisogezasogeza. Bwana harusi akafuata. Kisha binti yangu akaruka na kupiga yowe katikati ya nasaha. Ndipo shemeji, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akanieleza, ukumbi mzima ukisikia, yale niliyoyasinzilia: mbegu ya nyasi manyoya ina ncha kama sindano na mkia uliosokotwa. Ikipata unyevu inajizungusha na kujichimbia ardhini. Jasho ni unyevu. Ardhi walikuwa wakwe zangu.

Karamu imeliwa kwa kusimama.

Jumapili, 9 Juni

Muuguzi ameshinda na kibano. Mke wangu haongei nami, anaongea na ukuta, na ukuta unamuunga mkono. Shemeji hakunipeleka polisi, kwa heshima ya dada yake. Amenivua ubalozi. Hakupiga kelele, alisema tu kwamba aliniamini. Afadhali angenipiga. Adhabu: kuzipanda mbegu zote upya kwa mkono, pamoja na zilizochomolewa kwa mama mkwe wa binti.

Jumamosi, 15 Juni

Wiki nzima uwandani. Mgongo umekwisha. Leo binti alikuja, akachuchumaa kunisaidia, maana kukaa bado hawezi. Akaniambia hakutaka manyoya wala viti. Alitaka nikae karibu naye, nimshike mkono wageni wote wakimkodolea macho. Badala yake nilikuwa nyuma ya pazia, nikifurahia uso wa Bibi Utepe. Nililia, kweli nililia. Nikamwomba radhi. Nikaapa kwamba kwenye karamu ya kupatana na wakwe nitakaa ubavuni mwake, basi. Akanikumbatia, akaenda zake.

Na nitakaa. Lakini kiti kisichopambwa, mbele ya wakwe? Huku uwandani kuna ndege fulani, wachache sana, mikia yao mirefu na myeupe ajabu. Nimemuuliza shemeji, kwa unyenyekevu, kama nao wana balozi.