Gauni la Matembele

Alhamisi, 24 Julai

Mwezi wa Lishe unakaribia kuisha na bado sijawa mtu mashuhuri. Leo kumepatikana njia. Mwalimu Hofileña, wa sayansi, ametangaza kwamba atakayeshinda maonyesho ya mavazi ya mboga Jumanne atapelekwa siku mbili kwenye maabara ya chuo kikuu, mjini Iloilo. Huko kuna hadubini zinazofanya kazi. Ya shule yetu ina kila kitu isipokuwa lenzi. Huwa tunaichungulia kwa heshima tu. Huko pia wanazikimbiza protini kwa umeme ndani ya kitu kama jeli, na zile ndogo hutangulia. Nimetamani kuliona jambo hilo tangu darasa la saba. Sijamwambia mtu.

Vazi lishonwe kwa mboga, na mvaaji aeleze faida zake mwilini. Maelezo ninayo. Mboga ninazo. Tatizo ni Chezka Altamirano.

Chezka hawezi kutofautisha kimeng'enya na kidonge. Lakini mama yake ana duka la magauni ya harusi, na duka lina mafundi. Atavaa saladi ya Baguio, kule milimani kwenye baridi, itakayofika ndani ya sanduku la barafu. Aliniuliza mimi nitavaa nini. Nikasema matembele. Akasema, "Vizuri, Profesa, umeanza kuzoea shamba mapema." Kwetu mwanafunzi mzito wa kichwa huambiwa akapande viazi vitamu. Darasa zima likaangua kicheko. Nilimkumbusha kwamba kwenye sayansi mimi ndiye wa kwanza. Akajibu kwamba ndiyo maana utani umenoga.

Ijumaa, 25 Julai

Mazoezi ya hotuba. Msikilizaji: bibi yangu, Bibi Consing, ambaye ana presha na anauza samaki wakavu, na hakuna mteja anayewala samaki hao kuliko yeye mwenyewe. Nilimweleza kwa utulivu jinsi chumvi inavyovuta maji kuingia kwenye damu, damu ikaongezeka, mishipa ikaelemewa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitafuna kichwa cha samaki. Kisha akauliza, "Umemaliza, Inday? Maana matangazo yamekwisha na tamthilia inarudi."

Bibi hakuguswa. Majaji ni watu waliosoma. Wataguswa.

Jumamosi, 26 Julai

Nina mpango juu ya saladi ya Chezka. Ndizi zilizoiva hutoa gesi inayoivisha na vilivyo jirani nazo. Majani ya saladi yakikaa na gesi hiyo hupata madoa ya kahawia na kuzeeka haraka. Hii si hujuma. Hii ni biokemia.

Asubuhi nilipeleka kichane cha ndizi mbivu kwa mama yake Chezka, nikamshauri aziweke ndani ya lile sanduku, pamoja na saladi, zisiharibike. Alinibusu mashavu yote mawili. Alisema nimelelewa vizuri.

Jioni Chezka alikuja na sahani. Mama yake ameona ndizi nzuri vile zisiteseke kwenye barafu, akazizungushia unga na kuzikaanga kwa sukari. Bibi alimkalisha Chezka kwenye kiti chake mwenyewe. Alimsifu adabu, akamsifu nywele, akauliza kwa sauti kwa nini wajukuu wengine hawatembelei watu na sahani. Mimi niliwaeleza kuhusu mafuta yaliyochomwa mara nyingi na jinsi sukari inavyoruka ndani ya damu. Hakuna aliyeacha kutafuna. Na mimi nilionja, kwa ajili ya utafiti. Utafiti ulilazimika kurudiwa.

Jumapili, 27 Julai

Nimeshona kutwa. Kesho nina zamu ya kusafisha darasa, kwa hiyo ni leo au kamwe. Sketi ya matembele, kifua cha kabichi, mkanda wa bamia, shela ya majani ya mlonge. Bibi amekuwa akipita na bakuli. Kila apitapo, mkanda unapungua. Nilimwambia kwamba hili ni vazi. Akasema basi ni vazi linalokosa tangawizi.

Tatizo ni joto. Kufikia saa kumi majani ya pindo yalikuwa yameanza kuinama, na maonyesho ni keshokutwa. Nilikaa barazani nikiwaza. Mbele yangu walianikwa samaki wa Bibi. Samaki asiye na chumvi hunuka kabla ya chakula cha mchana. Mwenye chumvi huishi kuliko baadhi ya ndoa za mtaa huu.

Samaki ana seli. Tembele lina seli. Chumvi hutunza seli. Nashangaa kwamba wanasayansi wakubwa wamelipita jambo hili miaka yote.

Jumatatu, 28 Julai

Nilirudi kutoka shuleni, nikakoroga maji ya chumvi kali, nikaipulizia nguo yote kwa chupa ya Bibi ya kupigia pasi. Mbele, nyuma, ndani ya mikunjo. Majani yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Nikapulizia tena kwa usalama.

Bibi alisimama mlangoni akauliza kama gauni nalo linaanikwa juani. Nilimwambia akalale. Mimi nimelala nikiwa tayari mjini Iloilo, jicho moja limefumbwa, jingine kwenye lenzi.

Jumanne, 29 Julai

Asubuhi gauni lilikuwa kwenye kiti na dimbwi lilikuwa chini ya kiti. Matembele yalining'inia kama masikio ya mbwa mgonjwa. Kabichi ilikunjika kama kitambaa. Bibi alikuja kutazama. "Inday," akasema, "umetengeneza kachumbari."

Nililivaa. Ningefanya nini? Njiani lilidondosha maji kwenye soksi zangu. Jukwaani mkanda wa bamia ulinitoka, ukabingirika mpaka miguuni mwa jaji wa kwanza, nesi wa mji wetu, mama mpole. Aliuliza kama nimepata ajali. Nilifikiri haraka. Nikajibu kwamba gauni linaonyesha mboga ilivyo baada ya kukaa tumboni saa mbili. Nikaendelea na hotuba yangu yote, juu ya nyuzinyuzi na vitamini na jinsi mboga mbichi zinavyompa mtu ngozi iliyokaza. Nilipofika hapo jani la kabichi lilianguka. Watu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Jaji wa pili aliandika kitu kifupi mno.

Chezka alipanda akiwa na saladi iliyosimama wima kama askari wa gwaride. Hotuba yake ilikuwa kwamba mboga zina vitamini nyingi za kila aina. Ndiyo yote. Atakwenda Iloilo.

Nililivua gauni nyuma ya choo cha walimu. Sikulia. Macho yalitoa maji, jambo la kawaida mwilini. Nilitaka hadubini ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nimeipoteza kwa mboga.

Bibi amelisuuza gauni na kulipika na samaki. Amesema kwa mara ya kwanza maishani nimetia chumvi ya kutosha.

Jumatano, 30 Julai

Mwalimu Hofileña ana mambo yake. Leo ametuambia kwamba chuo kimetoa nafasi mbili, si moja. Ya pili aliificha, tusije tukazigombania zote. Atapewa mwanafunzi atakayeeleza, bila kutazama kitabu, ni nini kililipata gauni langu.

Darasa zima likanigeukia kama watu wanavyomgeukia mfiwa. Nilikuwa nimesoma sura nzima usiku, nikitafuta wa kumlaumu, na kwa bahati mbaya nikaielewa. Nikasimama. Nikasema seli ya jani imejaa maji, na utando wake unayapitisha maji. Nje ya seli pakiwa na chumvi nyingi kuliko ndani, maji hutoka kuifuata chumvi. Seli inalegea, jani linaanguka. Nikamalizia kwa sentensi ya mwisho ya sura: kwamba kosa si la chumvi peke yake, kwani chochote kikiyeyushwa kwa wingi nje ya seli kitafanya vivyo hivyo.

Mwalimu aliisifu sentensi hiyo kuliko zote. Alinifanya niirudie polepole, darasa liandike. Chezka aliinua mkono akauliza, kumbe ndiyo maana mama yake alinyunyizia saladi maji matupu? Nilikiri kwamba ndiyo. Ilinigharimu.

Nafasi nimeipata mimi. Chezka alikuwa wa kwanza kupiga makofi, jambo lililonikera sana. Nilipofika nyumbani nilimwambia Bibi. Akanipapasa kichwa, akasema niwaulize hao wa chuo kama samaki wakavu kweli ni wabaya, au ni mimi tu nina chuki nao.

Alhamisi, 31 Julai

Tunaondoka kesho asubuhi kwa basi. Mwalimu amenikabidhi kapu la mboga mbichi, zawadi ya darasa kwa profesa wa maabara. Matembele, mlonge, kabichi nzuri sana. Akaniambia, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwamba ananiamini.

Ni safari ndefu na madirisha ya basi hayafungi. Chezka alipendekeza nizifunike kwa kitambaa chenye maji matupu. Nilimtazama kwa huruma. Ni wazi kwamba jana, wakati mimi nikieleza, yeye alikuwa akiandika tu bila kufikiri.

Mimi somo nimelielewa. Chumvi ni adui wa jani, na sitaigusa tena. Sukari ni jambo jingine kabisa. Jani lenyewe ndilo linalotengeneza sukari, na hakuna kiumbe anayedhuriwa na chakula cha mikono yake mwenyewe. Nimechemsha sukari ya Bibi yote mpaka ikawa nzito kama asali, nikaiacha ipoe, nikayachovya majani moja moja, pande zote mbili.

Profesa atajua papo hapo kwamba amepokea mtu wa sayansi.