Mashua Iliyopitia Mikumi

Jumamosi, 7 Agosti 1993. Kilosa.

Nimenunua mashua! Mashua nzima, ya mbao, pana ya kulaza watu wanne na mmoja akageuka. Mnada wa shamba la mkonge, Rudewa. Wanauza kila kitu: matrekta, vitanda vya zahanati, hata mlango wa stoo yangu niliyofanyia kazi ujana wangu wote. Nilikwenda kununua koleo.

Nikaiona imeegemea tangi la maji. Mashua ya meneja, ile aliyokuwa akizunguka nayo bwawani kila Jumapili, mkewe ameshika mwavuli, na sisi wafanyakazi na watoto wetu tumejaa ukingoni kama tuko harusini. Nani aliyekuwa akiipaka rangi kila mwaka? Mimi, mtunza stoo! Nilipogusa ubavu wake zile Jumapili zilinirudia zote, mpaka kile king'ora cha asubuhi tulichokuwa tukikilaani. Mkono ukanyooka wenyewe.

Jirani yangu Nikolaus, Msagara wa Lumuma, muuza vitunguu, akapandisha dau mara tatu. Hana shida na mashua. Ni mtani wangu tu. Wasagara na sisi Wasukuma tumetaniana tangu mababu zetu wapite hapa na mizigo kichwani, na mtani ukimkasirikia umeshindwa. Sikukasirika. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mafao yangu ya kupunguzwa kazi yamekwenda na maji, na maji yenyewe hayapo.

Kile kichwa cha treni ndogo iliyokuwa ikivuta mkonge hakikupata mnunuzi. Nani mjinga wa kununua kitu kama kile?

Mashua ni ya Baba. Nilimtoa Nassa, kandokando ya ziwa, Mama alipofariki. Ni mvuvi, na hapa Kilosa anakaa barazani anatazama reli. Kila mwaka anasema anataka kurudi kwake, na kila mwaka anakataa kupanda treni. Aliishi kwa mashua, anasema, hawezi kurudi na fimbo, watu wakadhani ziwa lilimfukuza. Zamani alikuwa akisema mwaka ujao. Mwaka huu miguu imemvimba, anasema kabla ya mvua.

Marciana, mke wangu, ameuliza swali moja tu: mashua itafikaje Mwanza? Nimemwambia: mambo madogo.

Jumapili, 8 Agosti

Imefika! Imeletwa na mkokoteni wa ng'ombe, watoto wa mtaa mzima nyuma wakiimba. Haikuenea getini, tukabomoa ua wa Marciana. Amenyamaza. Namwogopa akinyamaza.

Baba alitoka na fimbo yake, akaizunguka. Akagonga ubao kwa kidole, akatega sikio, akagonga tena. Akanusa. Kisha akaanza kusema nayo kwa Kisukuma, polepole, kama anavyosema na ng'ombe anayekaribia kuzaa. Akaniambia mashua ya baba yake ililia vivyo hivyo ikigongwa, na kwamba wakirudi alfajiri walikuwa wakisikia harufu ya moshi wa jiko la Mama kabla hawajaona nchi kavu. Sijamsikia akimtaja Mama tangu tumzike. Nilijifanya nakagua misumari.

Nikolaus alipita akitoka kanisani. Alimwamkia Baba shikamoo kwa adabu zote, akaitikiwa marahaba, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza gharika ni lini na wanyama nimeshawapanga. Kwaya nzima ilikuwa nyuma yake. Wakacheka kwa sauti nne.

Jumatatu, 9 Agosti

Stesheni. Beda, karani wa mizigo, mtu mstaarabu, amesema behewa la wazi linapatikana. Niandikishe jina, nisubiri zamu yangu, wiki moja au mbili. Zamu! Nimemwambia nchi imefunguliwa, siku hizi kila kitu ruksa, zamu zilikuwa za enzi za kupanga foleni ya sukari. Ameniuliza basi aandike au asiandike. Asiandike! Nikatoka kifua mbele. Nikolaus alikuwa pale pembeni anapakia vitunguu, akanipungia mkono.

Kusema kweli, foleni za sukari nazikumbuka kwa mapenzi. Ulisimama, ukasikia habari za mji mzima, ukarudi nyumbani na nusu kilo na umbea wa mwezi. Sasa sukari imejaa madukani na hakuna anayekuambia kitu.

Jumanne, 10 Agosti

Wazo! Tuikate mashua katikati, isafiri vipande viwili, ikifika iungwe kwa boliti. Fundi seremala amekuja na msumeno mrefu. Hakuna mtu aliyemwambia Baba, lakini Baba aliuona msumeno.

Amepanda ndani ya mashua saa tatu asubuhi na hajashuka. Amenywea uji humo, amekula mchana humo, amelala usingizi humo, fimbo kifuani. Nilipomsogelea kumweleza habari za boliti aliniuliza kama na yeye nimekusudia kumsafirisha vipande viwili. Fundi amejiondokea zake. Marciana bado hajasema neno, ila leo alimpelekea Baba mto wangu.

Jumatano, 11 Agosti

Mikumi! Kwa nini sikufikiria? Barabara kuu, malori usiku na mchana. Lori la Yeremia linakwenda Mikumi kila Ijumaa. Nafika, nasimamisha lori la kwanza linalokwenda Mwanza, kazi kwisha. Nikolaus amesema malori ya Mikumi yanakwenda Iringa na Zambia. Wivu! Nikamjibu mbele ya watu kwamba sisi tunarudi kwenye sato wetu, wao wabaki na mlenda wao.

Hapo nilikosea. Jioni nimerudi nimekuta mashua imetekwa. Wasagara wa mtaa wote wamekaa kuizunguka, wameifunika kaniki, wanawake wanalia matanga kwa sauti: marehemu kafa kiu, marehemu kafa mbali na maji! Nikolaus ndiye msemaji wa wafiwa. Anasema maiti haiondoki mpaka niikomboe kwa mbuzi. Baba alicheka mpaka akashikilia ukuta.

Kila mtu anajua la kufanya. Mtani akishika kitu chako unacheka, unatoa chochote, hata kifaranga, hata ahadi ya kifaranga, yamekwisha. Mimi nikaenda kushtaki! Balozi wa nyumba kumi, Bwana Cleopa, alinisikiliza kwa makini huku anatikisa kichwa kwa huruma. Nilikuwa nimesahau kabila lake. Bwana Cleopa ni Mgogo, na Wagogo nao ni watani wetu. Ameniongezea jogoo.

Ijumaa, 13 Agosti. Mikumi.

Nimeiba mashua yangu mwenyewe. Alfajiri, kabla watani hawajaamka, mimi na Yeremia na wapakiaji wake, kimyakimya. Kaniki nimeikunja vizuri nikaiacha mlangoni kwa Nikolaus. Aibu ilinishika kidogo, nikaimeza.

Baba alikataa kukaa mbele na dereva. Alipandishwa juu, akaketi ndani ya mashua, kasia mkononi, uso mbele. Barabara vumbi tupu. Tulipopita kijiji cha Ulaya watu waliacha majembe wakasimama. Sidhani kama waliwahi kuona mzee akisafiri kwa mashua pasipo na maji. Baba aliwainulia kasia, nao wakampungia. Kisha nikamsikia anaimba. Ule wimbo wa kuvuta makasia aliokuwa akiniimbia nikiwa mdogo nimelala miguuni pake kati ya samaki, hata maneno nilikuwa nimeyasahau, na sasa yanashuka kupitia bati la lori moja baada ya jingine. Machozi yalinitoka. Nilimwambia Yeremia ni vumbi. Yeremia akafunga dirisha, ingawa kioo chake hakipo.

Mashua imeshushwa kando ya banda la Vaileth, mama ntilie, mwenyeji wa milima ya Vidunda. Tumepata chumba nyuma ya banda. Lori la kwanza: Zambia. La pili: Iringa. La tatu: Mbeya. Dereva wa nne ameniuliza Mwanza iko upande gani wa Tunduma.

Kesho.

Jumapili, 15 Agosti. Mikumi.

Hakuna kesho. Malori yote yanakwenda kulekule alikosema yule muuza vitunguu. Sitamwambia.

Wateja wa Vaileth sasa wanakula ndani ya mashua. Inachukua tisa. Baba anawapanga: wazito katikati, viatu nje, na hakuna kusimama wote upande mmoja! Madereva wanatii. Kutwa nzima anawapa habari za sangara na pepo za ziwani, wao wanaacha ugali unapoa. Jana jioni tembo wawili walitokea ng'ambo ya barabara, wakaitazama mashua kwa muda mrefu, wakaondoka. Hata wao.

Lakini leo Baba hakumaliza hadithi yake. Miguu imezidi kuvimba. Nilipomkanda kwa maji ya moto aliniambia kwamba malori yakiwa bado mbali, kabla hayajafika, mlio wake ni kama mawimbi, naye hufumba macho kidogo. Halafu lori linapita. Akaniuliza kama nafikiri atafika. Nilisema ndiyo, upesi mno, na yeye alinifahamu. Naogopa. Nimeandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Jumatatu, 16 Agosti. Mikumi.

Nani ameshuka kwenye basi la mchana? Nikolaus! Aliiona mashua, wapishi, madereva, viatu vimepangwa nje. Alicheka mpaka akakaa chini, na kwa kuwa mahali pa kukaa palikuwa ndani ya mashua, Baba akamwamuru avue viatu. Akaagiza ugali na maharage, akala, ndipo akasema kilichomleta.

Siku ile stesheni, nilipotoka kifua mbele, yeye alimwambia Beda aandike. Jina langu, mzigo wangu, mashua moja. Zamu imefika: behewa la wazi Ijumaa hii. Kama ningetulia nyumbani nikabishana na mke wangu kama watu wengine, mashua ingekuwa inangoja hatua chache kutoka relini. Anasema hawezi kuacha mtani wake adhalilike peke yake, angekosa la kusimulia.

Nimemwambia kwamba hata mimi nilikuwa nimeshaamua kurudi. Baba amenitazama tu. Nikolaus amemtuma utingo wa basi kwa Yeremia, ambaye ni mtoto wa shangazi yake. Jumatano atatupitia akirudi na magunia ya mahindi. Kumbe lori lile lilikuwa linarudi Kilosa wakati wote! Sikuwahi kuuliza.

Ijumaa, 20 Agosti. Kilosa.

Behewa limekuja. Lile lile la wazi alilonieleza Beda, refu, mashua inaenea na nafasi inabaki. Beda alinionyesha tu jina langu daftarini, kwa kidole. Afadhali angesema.

Wasagara wamekuja wote kubeba. Wakainama, wakashika, kisha Nikolaus akainua mkono: mbuzi yuko wapi? Na jogoo wa Balozi? Bwana Cleopa mwenyewe alikuwepo, amevaa koti. Sikuwa na mbuzi wala jogoo. Mkuu wa treni anatazama saa. Mimi jasho.

Baba ndiye aliyesogea. Alitembea taratibu mpaka kwa Nikolaus, akaichukua fimbo yake, ile aliyokuja nayo kutoka kumzika Mama, akamkabidhi. Akasema mbuzi angeliwa siku moja, hii ishike mpaka na wewe uwe mzee, mimi nina kasia. Akajiegemeza kwenye kasia, akasimama wima.

Nikolaus nimemjua miaka ishirini na sijawahi kumwona akipiga goti nje ya kanisa. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya watu wote stesheni, akamwamkia tena Baba kama ndiyo kwanza wamekutana. Kisha wakainua mashua wote kwa pamoja, na Balozi na koti lake.

Marciana ndiye anayemsindikiza, maana anasema mimi nitampitisha Zambia. Treni ilipoondoka Baba alitoa kichwa dirishani, lakini hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma, kuona kama mashua inafuata. Nilisimama pale mpaka kengele ya stesheni ikapigwa kwa treni nyingine.

Nyumbani baraza ni tupu. Nimekaa pale nikatazama reli. Inachosha sana. Sijui aliwezaje.

Jumamosi, 4 Septemba. Kilosa.

Marciana amerudi! Ameleta dagaa, na Baba amefika. Wajukuu waliipokea mashua Mwanza, wakaitia majini. Ilivuja kidogo, Baba akasema inakunywa maji, mwacheni mwenzenu anywe, amekaa sana na kiu. Akaketi nyuma, akakataa kushikwa bega. Marciana alikuwa ufukoni amemwandalia maneno ya kumuaga, lakini Baba alikuwa ameshapiga kasia kuelekea Nassa. Anasema mgongo wake ulikuwa mnyoofu kama wa kijana. Tumelia wote wawili, tukala dagaa.

Kisha nikamweleza kwamba Jumamosi iliyopita kulikuwa na mnada wa pili huko Rudewa.

Nilikwenda kununua koleo, Mungu ni shahidi. Lakini kile kichwa cha treni ndogo kilikuwa bado pale, peke yake, nyasi zimekipanda mpaka kwenye madirisha. Ndicho kilichomleta Marciana zahanati siku niliyomwona mara ya kwanza, amekaa juu ya mkonge, amejifunga kilemba chekundu. Ningewaachia wa vyuma chakavu? Nikolaus alipandisha dau mara nne, akinielekezea fimbo ya Baba. Nimeahidi kumalizia kwa mahindi ya msimu ujao. Kitakwenda Nassa kumvutia Baba mashua kutoka majini, asisumbue miguu.

Marciana alianza kukusanya sahani. Nilipotaja kilemba alitaka kutabasamu, nilimwona. Akauliza kitatokaje Rudewa.

Mambo madogo! Beda amesema mzigo wa namna ile uandikishwe mapema, nisubiri zamu. Zamu! Nimemwambia asiandike.

Jumatatu naenda Mikumi. Barabara kuu ile, malori hayakosi.