Panya Kumi na Wawili wa Mwalimu Kipriani

Jumatatu, 5 Julai 1954

Mwalimu mpya wa sayansi ameshuka leo kwenye lori la Nachingwea. Mwaka umefika katikati, yeye ndiyo kwanza anaingia! Anaitwa Kipriani. Mtu wa mbali. Viatu vinang'aa, sanduku moja la nguo, masanduku mawili ya chupa tupu. Nimemuuliza Filbert mume wangu, mtu mzima anasafiri na chupa tupu za nini? Akasema nimwache mwalimu apumzike.

Siwezi kumwacha. Dorotea wangu ametoka unyagoni juzi. Shule ya kati imemkosa wiki tatu, na Mwalimu Mkuu anasema dawati lake la Darasa la Tano linamezewa mate na mtoto mmoja wa kijiji cha Malolo. Mwalimu wa sayansi atampima, Jumatatu ijayo ataamua. Akiridhika, mtoto anabaki. Asiporidhika, anarudi kupepeta mtama na mimi, niliyeishia Darasa la Tatu. Sitaki!

Lazima Mwalimu awe mtu wa nyumbani kwangu. Nina mpango.

Jumanne, 6 Julai

Mwalimu anapita nyumba kwa nyumba kujuana na wazazi. Anasema mzazi ni nusu ya shule. Nusu ipi, hakusema. Ile inayolima shamba la shule, nadhani.

Nimefagia uwanja mara mbili. Nimempaka Dorotea mafuta, nimemvika kanga mpya, nikamkumbusha: yeye ni mwali, mbele ya mwanamume mzima macho chini, mdomo ufungwe mpaka huyo mtu amtunze chochote, hata senti.

Mwalimu akamuuliza mizizi ina kazi gani kwenye mmea. Kimya. Majani je? Kimya. Kidevu kinagusa kifua! Machozi yalinilenga. Mwali mzuri kama huyu nani anaye? Mwalimu akatoa kalamu akaandika. Nikajua anaandika ile adabu.

Jioni akaja jirani yangu Sabaha kunipa pole. Pole ya nini? Mwalimu alipofika kwake aliacha daftari wazi mezani, naye akasoma. Penye jina la Dorotea pameandikwa: Hajui kitu.

Nimemwambia Sabaha apunguze kusoma vya watu.

Jumatano, 7 Julai

Nimekwenda kwa Bibi Rabia, nyakanga aliyewacheza watoto wetu, kuomba Dorotea afunguliwe mdomo mapema. Akauliza huyo mwalimu ametoa nini mpaka leo. Nikasema hajatoa. Akasema basi ni mgeni wa namna gani huyo! Mdomo utafunguliwa Jumapili, pamoja na wenzake. Nimerudi nilivyokwenda.

Alhamisi, 8 Julai

Mkutano wa wazazi. Mwalimu anataka kila nyumba ilete Jumamosi kiumbe kinachoharibu mazao. Kumbe ndiyo kazi ya chupa! Wazazi wote wakatazama vidole vya miguu yao. Nikasimama na kitinda mimba wangu mgongoni, nikasema sisi tutaleta panya. Mwalimu akapiga meza kwa furaha: huyu ndiye mzazi!

Sabaha akasema yeye ataleta panzi. Panzi!

Ijumaa, 9 Julai

Filbert amechimbua mashimo ya panya pembeni ya shamba la ufuta tangu alfajiri, huku akilaani sayansi. Kumi na wawili! Wanono, ufuta wetu wameula mwaka mzima. Dorotea akaninong'oneza kwamba Mwalimu anawataka kama walivyo. Nikamwambia mwali hasemi.

Nani anampelekea mgeni panya na manyoya yake? Aibu ni ya nani? Nimewababua, nimewapasua, chumvi, moshi, nikawachomeka kwenye vijiti. Vichwa nimekata kwa heshima, mgeni asihangaike na meno. Kisha namkuta Dorotea jalalani anachambua vichwa na matumbo! Nimemfukuza. Mwali gani anacheza jalalani?

Jumamosi, 10 Julai

Sijui nianzie wapi.

Panzi wa Sabaha walikuwa wanarukaruka ndani ya chupa. Watu wakashangilia. Ikafika zamu yangu, Mwalimu akafunua bakuli. Akauliza vichwa viko wapi. Nikasema nimekuondolea, Mwalimu. Na manyoya? Nikasema yangekukwama kooni. Akarudi nyuma hatua mbili, akatoka nje, tukamsikia akitapika nyuma ya jiko la shule.

Kwao panya haliwi, nasikia. Maskini! Kwao wanakula nini?

Mwalimu Mkuu, mtu wa Nkowe, mla panya kama sisi, alisema si vizuri kuwaacha wapoe. Alikula wanne amesimama. Wazazi wakamsaidia, na somo likaisha kabla ya kuanza. Sabaha dini yake inamkataza panya, lakini kucheka haimkatazi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nimelia kidogo wakati nanyonyesha. Lile dawati limeondoka, na nimelisukuma mwenyewe. Dorotea ameniletea maji, akakaa karibu yangu. Hakusema kitu. Mwali.

Jumatatu, 12 Julai

Jana Bibi Rabia amemfungua mdomo. Leo nimempeleka shule, nikasimama dirishani. Mtoto wa Malolo alikuwa ameshafika, na daftari jipya. Mwalimu akamuuliza Dorotea, kama mtu asiyengoja jibu, panya analiharibuje shamba.

Dorotea akafungua kifurushi cha majani. Vichwa vyangu! Na matumbo, yote ameyakausha kwa chumvi na majivu! Akaonyesha meno ya mbele, akasema hayaachi kukua, ndiyo maana panya anaguguna kila kitu. Akapasua tumbo moja, ufuta ukamwagika mezani. Ufuta wetu! Kisha akajibu ya mizizi na majani, yote ya Jumanne, bila kupumua.

Mwalimu akauliza kwa nini siku ile alinyamaza. Akasema hakuruhusiwa. Mwalimu akageuka akatazama dirishani. Nikampungia mkono.

Dawati ni lake!

Jumanne, 13 Julai

Nimekaa nikafikiri vizuri. Wale panya ndio waliofungua njia. Nisingekata vichwa, mtoto angevipata wapi? Sabaha anasema ile ni akili ya Dorotea. Wivu!

Leo Mwalimu ametuma barua kwa wazazi. Jumamosi ni somo la ndege, kila nyumba ilete mmoja. Kwenye barua yangu peke yake ameongeza mstari kwa wino mwekundu: mzima, na manyoya yake yote. Chini yake amepiga mistari miwili.

Manyoya yake yote! Kijana wa watu, hana hata mke wa kumfundisha kula. Filbert ameshatega mitego, na mimi nimetenga sufuria ya maji ya kunyonyolea.