Mashine ya Pumzi Niliyoiita Mbovu

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya benchi zima la wagonjwa. Na hasira bado ninayo, msinichokoze.

Baba yangu anaishi kambini tangu tukimbie Burundi. Mimi nimeolewa hapa Ujiji, kazi yangu kubanika migebuka, samaki wa ziwani, kwa moshi. Baba anakohoa miaka, na kiko hakibanduki mdomoni. Ameshakunywa dawa za kifua za kila aina, wapi! Leo kapata kibali cha siku moja aje hospitali ya mjini apimwe pumzi, tujue anaumwa nini apewe dawa yake. Jioni lazima awe amerudi kambini. Siku moja tu!

Dada wa vipimo akambana Baba pua kwa kibanio, akampa bomba la mashine. "Mzee, jaza pumzi, kisha puliza kwa nguvu mpaka ziishe."

Baba akafumba macho, akafyonza. Akafyonza haswa, utadhani kazunguka mtungi wa pombe ya mtama na wenzake, kila mtu na mrija wake!

"Huha, Baba! Puliza!" nikamwambia kwa Kirundi chetu.

"Ego," anaitikia, huyo anafyonza tena.

Mara ya tatu akapuliza. "Bado, Mzee, umeishia njiani. Tena." Akarudia. "Tena." Jasho linamtoka mzee wa watu, saa zinakwenda, basi la kurudi halimsubiri mtu. Nikapandisha. (Mnanijua.)

"Wewe dada, unamtesa baba yangu! Mashine yenyewe mbovu! Lete niipulize mimi mzima, uone kama haitasema bado!"

Foleni yote inatazama. Dada akabadilisha bomba, akanikabidhi. Nikajibana pua, nikajaza kifua, nikapuliza kwa hasira zangu zote.

Kikohozi hicho! Kibanio kikaruka, kikamwangukia mama mmoja mapajani. Nikajikongoja kurudia, tena na tena. Dada akaangalia karatasi. "Mama, kaa hapo na Mzee."

Tukapewa dawa ya kuvuta, baba na mwana, tukasubiri robo saa, tukapuliza upya. (Safari hii Baba kapuliza vizuri, mimi ndiye nimeambiwa "bado".)

"Pumzi nyingi inatakiwa itoke sekunde ya kwanza," dada akasema. "Ikiwa chini ya sabini katika mia hata baada ya dawa, njia za hewa zimeziba, na hazifunguki zote. Mzee ana sitini na mbili. Wewe, Mama, hamsini na nane."

"Mimi? Sijawahi kuvuta hata sigara moja!"

"Unafanya kazi gani?"

"Nabanika samaki."

"Tangu lini?"

Nikahesabu kwa vidole. Nilianza na mimba ya kwanza, na huyo mtoto sasa ana mke. Moshi ule ndio umewasomesha wanangu wote, leo ndio wa kuniziba kifua? Nimekasirika mpaka nikalia, pale pale, mbele ya foleni niliyoitambia.

Baba akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono, akamwambia dada, "Dawa anza kumpa huyu. Mimi nimeshazeeka."

Tumepewa wote. Kesho alfajiri samaki wananisubiri bandani, na kazi nyingine sina. Mtakaonicheka, chekeni tu. Pumzi ya kuwajibu sina.