Zoezi la Kinu Mbele ya Mashemeji wa Saidi

Leo nimefedheheka mchana kweupe. Ninayaandika haya mwenyewe katika kundi hili la wanafunzi wangu wa zamani, kabla hamjaletewa toleo la sokoni. Nitatenganisha niliyoyaona na niliyoyasikia. Kwamba mke wangu amenitoroka, hilo limesikika Kasongo nzima. Mimi sikuliona. Nilichokiona ni hiki.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitembea kila alfajiri, kutoka nyumbani hadi misheni na kurudi. Mwanzoni nilipata pumzi, na tumbo likapungua. Kisha likagoma. (Lina ukaidi, sijui limerithi kwa nani.) Muuguzi wa kituo chetu cha afya akanieleza sababu: "Baba, mwili ilishazoea ile njia. Haishituke tena. Badilisha! Fanyisha mikono, mugongo, mabega." Nikamtaka athibitishe. Akanipa ndoo ya maji niishike kwa mkono ulionyooka. Niliiangusha. Ushahidi nikauona, na viatu vyangu pia.

Vyuma vya kunyanyua sina. Lakini mke wangu, Mama Zaina, ana kinu, na mabega yake ni ya kuheshimika.

Siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Saidi, mtoto wa mdogo wangu, ameachwa na mkewe Amina, aliyerudi kwao Kabambare akilalamika kwamba mumewe hagusi hata ufagio. Kaka zake wawili walikubali kumleta leo alasiri wanisikilize mimi. Nikiwaridhisha, Amina anabaki. Nisipowaridhisha, wanaondoka naye moja kwa moja. Walinichagua kwa sababu nyumba yangu haijawahi kusikika kwa ugomvi. Hotuba nilikuwa nayo kichwani, ndefu, juu ya heshima ya mume.

Asubuhi Mama Zaina alipanda pikipiki kwenda Nyangwe, ambako binti wa dada yake amejifungua, akae naye mpaka apate nguvu. Alibeba sanduku. Alipoondoka, nikachuma majani ya muhogo, nikajifunga kitenge chake ili sombe, mboga ya majani hayo, isinichafue suruali, nikaanza kutwanga katikati ya ua. (Kitenge kilikuwa cha maua. Mekundu.)

Sauti ya kinu husikika mtaa mzima, na kumbe wanawake wa hapa humtambua mtwangaji kwa mapigo yake! Hilo sikulijua. Jirani yetu Mama Sifa akachungulia juu ya ua.

"Mwalimu! Mama Zaina iko wapi?"

"Amekwenda Nyangwe."

"Na sanduku?"

"Na sanduku."

"Woyee! Pole, Mwalimu. Pole sana."

Pole ya nini? Nilidhani ni kwa ajili ya jasho. Nikamshukuru. Punde akarudi na bugali ya moto. Mwingine akaleta samaki. Wa tatu akaninong'oneza: "Usimufuate mbio. Acha hasira ishuke kwanza."

"Hasira ya nani?"

Wakatazamana. Wakatikisa vichwa. Nikaendelea kutwanga bila kuelewa kwa nini zoezi la mabega linaletewa samaki.

Adhuhuri haijafika, pikipiki zikasimama langoni. Ni Saidi, Amina na kaka zake wawili! Wamewahi! Nilijaribu kufungua kitenge. Fundo lilikuwa limelowa, likakataa.

Kaka mkubwa alinitazama kuanzia kofia hadi maua. "Mwalimu, sisi tulikuya kusikia mashauri ya mutu mwenye bibi yake iko nyumbani."

"Baba mukubwa," akasema Saidi kwa sauti ya kilio, "kumbe na weye?"

"Ninafanya mazoezi," nikajibu kwa utulivu.

"Mazoezi ya kuishi bila bibi?" akauliza kaka mdogo.

Mama Sifa alicheka nyuma ya ua mpaka akakohoa. Mimi siamini maneno bila shahidi. Kwa hiyo nikampigia shahidi wangu. Simu nikaiweka sauti kubwa, wote wasikie.

"Mama Zaina, waambie wageni. Mimi ninatwanga sombe tu—"

"Nani? Weye? Na kinu yangu? Ukiipasua, sirudi!"

Mtandao ukakatika hapo hapo. Neno lililobaki hewani lilikuwa moja: sirudi.

Kaka mkubwa akashika usukani wa pikipiki. "Amina, panda. Twende."

Amina hakupanda. Alikuwa ameinama juu ya kinu. "Baba mukubwa, hii haiko sombe. Hii majani umeichokoza tu!" Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamgeukia mumewe. "Muzee na mvi yake anajifunga kitenge, anatwanga. Weye je?"

"Wanaume ya kwetu..." Saidi akaanza, kisha akanitazama. Mwanaume wa kwao alikuwa amesimama mbele yake, maua mekundu kiunoni, akitoa jasho.

Saidi akachukua mchi. Alitwanga vibaya kuliko mimi (hili nalithibitisha bila upendeleo). Kila alipokosa kinu, Amina alipiga makofi. Kaka zake walikaa, wakamaliza bugali na samaki. Hotuba yangu hakuna aliyeiuliza.

Kwamba Amina amesamehe, nimeambiwa na Mama Sifa, na ushahidi wa Mama Sifa mmeshaupima. Mimi niliona hivi: kaka zake walipopanda pikipiki zao, sanduku la Amina lilifungwa nyuma ya pikipiki ya Saidi. Langoni, kaka zake walikata kushoto, njia ya Kabambare. Saidi na Amina walikata kulia, njia ya nyumbani kwao. Zaidi ya kona hiyo sikuona kitu, na atakayenicheka humu na alete mashahidi.