Agizo la Herufi Kubwa

Jumatatu, 3 Juni
Hili sijawahi kumwambia mtu: shangazi aliyenilea haoni vizuri, na anaficha. Anachapa barua za watu kwenye duka la kopi. Anaogopa tajiri wake akijua atamtoa. Basi nimeifunika programu yake ya kuchapa kwa ganda, yaani amri chache zinazotangulia: zinaweka agizo kwamba herufi ziwe kubwa mara mbili, ndipo zinaifungua. Leo amerudi akiimba. Eti skrini imepona yenyewe. Nikasema ajabu! Nikajificha nyuma ya kitabu.

Jumanne, 4 Juni
Balaa. Programu yake ikifungua nyingine, ile nyingine inarithi agizo, kama mtoto na pua ya babake. Kafungua kikokotoo, kikajaa skrini nzima, kitufe cha jibu hakionekani. Tajiri kauliza hiki kikokotoo au ukuta. Shangazi kasingizia virusi. Jioni nimepitia dukani, nikakivisha kikokotoo ganda lake, lifute agizo kabla hakijafunguka. Safi! Kisha, kutoka programu ileile, nikafungua picha ya harusi ya mteja. Nayo imerithi: skrini nzima ni pua ya bwana harusi tu.

Jumatano, 5 Juni
Nani ataweza kufukuzana na watoto wote hao? Nimepata njia ya mkato: ganda la kwanza lenyewe lifute agizo, yaishe. Akili hizi!

Alhamisi, 6 Juni
Akili za kuku. Nimelifuta kabla programu yenyewe haijalisoma! Asubuhi herufi zimekuwa sisimizi, mteja kasimama, shangazi kabandika uso kwenye skrini. Tajiri kaona. Ikabidi aseme ukweli. Tajiri kamjibu, dada yangu, mimi nilidhani unainamia kazi kwa mapenzi. Nenda kapimwe macho, kiti chako kipo. Haya kanisimulia shangazi mwenyewe, mkono wake begani kwangu. Kaongeza kwamba alijua tangu Jumatatu. Skrini haina huruma, mwanangu, kasema. Mwenye huruma ninamjua. Siku nyingine niambie kwanza. Nikaahidi. Machozi kidogo. Vumbi, bila shaka.

Jumamosi, 8 Juni
Shangazi ana miwani. Anasoma kila kitu kwa sauti, hadi lebo ya sabuni. Maganda yote nimeyaondoa. Ila nimegundua simu yake ikiita akiwa chumba cha pili, hasikii. Masikini! Alipoingia kuoga nikaichukua, nikakaa nyuma ya pazia, nikaandika ganda jipya: mlio mara mbili. Sijamwambia. Kengele ya simu ya kumwamsha alfajiri nayo imerithi agizo. Hiyo nitaifunika kesho.